Bado Yuko Kitabuni

Malori ya taka huanza kupita mbele ya chumba changu saa kumi na mbili asubuhi. Ukiishi Mwakirunge unayazoea, kama watu wa Likoni walivyozoea honi ya feri. Tangu jaa la Kibarani lilipofungwa, karibu kila kinachotupwa Mombasa hupanda huku kwetu, na kodi ya nyumba ni nafuu kwa sababu hiyo hiyo. Mimi niko huku kwa ajili ya kodi. Niliacha chuo mwaka wa pili, ada ikanishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika: makala, tovuti za watu wenye nyumba za wageni, na mara moja moja programu ndogo ndogo.

Kuna gari jingine, haliji kila siku. Huku pia ndiko kwenye makaburi ya umma wanakozikwa maiti waliokosa wenyewe. Hospitali hutangaza gazetini, orodha ndefu, na wengine hawana hata jina, wameandikwa tu mwanamume, mtu mzima, asiyejulikana. Jamaa hupewa siku chache wajitokeze. Wasipojitokeza, karatasi za mahakama hutoka na gari hupanda huku.

Jirani yangu, mzee wa makamo, huitwa kibarua cha kuchimba siku hizo. Jioni moja, tumekaa kwenye benchi la muuza mahamri, aliniambia kwamba kuchimba si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kitabu.

"Mtu amekufa zamani," alisema. "Lakini kitabuni bado yuko. Amekalia mstari wake. Hatoki mpaka mtu aje aulizie, atie sahihi."

Nilinyamaza. Mzee alikuwa amenieleza kwa pumzi moja jambo lililonichukua mimi wiki mbili na aibu kubwa kulielewa kwenye kompyuta.

Aibu yenyewe ni hii. Kuna chama cha kuzikana ambacho bibi yangu ni mwanachama. Wako watu 212. Mwanachama akifiwa, kila mmoja anatumiwa ujumbe: nani amefariki, mazishi ni wapi, mchango ni shilingi ngapi na namba ya M-Pesa ni ipi. Katibu alikuwa akituma mwenyewe kwa kidole, mmoja mmoja, na macho yalikuwa yanamchoka. Bibi akajitolea kwa niaba yangu, kama kawaida ya bibi. "Mume wangu huyu amesoma kompyuta," akawaambia, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Hakuwaambia kwamba sikumaliza.

Nilichukua kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 1, nikaichomekea modemu, nikaweka Linux, nikaandika programu kwa lugha ya C. Kwa nini C? Kujionyesha tu, sitasema uongo. Programu ilikaa macho mchana na usiku. Tangazo likiingia, inasoma orodha ya majina, na kwa kila jina inazaa mtoto mmoja, mtoto anapeleka ujumbe mmoja, kisha anakufa. Watoto 212 kwa tangazo moja. Ilifanya kazi vizuri kabisa. Katibu akanishukuru mbele ya mkutano, nikapewa soda.

Tangazo la kumi na tisa likakwama katikati. Orodha ilikuwa imepangwa kwa alfabeti. Ujumbe uliwafikia watu kama sitini, kuanzia kina Abdalla hadi kina Halima. Kina Kadzo, Karisa, Katana, Kazungu, Mwanaisha, Safari, wote hawakupata kitu. Mama wa mwanachama mmoja alizikwa Jumamosi ile na chakula cha watu mia mbili, wakaja sitini, na jeneza likabaki na deni. Ukikumbuka sasa inachekesha, maziko ya watu wa A hadi H. Siku ile haikuchekesha. Yule mfiwa, mtu mzima anayenizidi miaka thelathini, alinisalimia kwa heshima kubwa kuliko kawaida, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Nilirudi chumbani nikafungua terminali. Mashine ilikuwa inasema kwa upole kwamba rasilimali haipatikani kwa sasa. Nikaorodhesha michakato yote inayoendelea. Karibu elfu nne. Mbele ya kila mmoja herufi Z. Watoto wangu wote, wa matangazo yote kumi na nane yaliyotangulia, walikuwa wamekufa na hakuna aliyekuwa ameondoka.

Nikafanya kile ambacho kila mtu hufanya mara ya kwanza: nikajaribu kuwaua. Amri ya kill, na ile namba 9 isiyokataliwa na mchakato wa kawaida. Hakuna kilichobadilika. Maiti haiuawi.

*

Ili kueleza kosa langu inabidi turudi mwaka 1969, Murray Hill, New Jersey, kwenye maabara ya Bell. Ken Thompson na Dennis Ritchie walikuwa na kompyuta ya PDP-7 iliyokuwa imeshapitwa na wakati, yenye terminali mbili. Mfumo waliouanza juu yake ndio baadaye ukaitwa Unix, babu wa kilicho ndani ya simu yako ya Android. Mwanzoni mfumo huo haukuwa na watoto. Kila terminali ilikuwa na mchakato mmoja tu. Sheli, yaani ile programu inayopokea amri zako (si ile sheli ya kujaza petroli), ilikuwa ikipewa amri inajifuta yenyewe, inaipisha programu uliyoitaka, na programu hiyo ikimaliza, sheli mpya inapakiwa upya kutoka kwenye diski.

Wazo la mchakato kugawanyika mara mbili lilikuwepo tayari. Melvin Conway aliliandika mwaka 1963, akaliita fork, kama njia inavyogawanyika panda. Watu wa mradi wa Genie kule Berkeley walikuwa na kitu kinachofanana nalo, na Thompson alikuwa amesoma Berkeley. Ritchie alisimulia baadaye kwamba kuiongeza fork kwenye PDP-7 kulihitaji mistari 27 tu ya kodi ya asembli. Mistari 27! Na mpango mzima wa kusimamia michakato ulikamilika kwa siku mbili tatu.

Fork hufanya hivi. Mchakato unaita, na kerneli, yaani moyo wa mfumo, inaunakili mzimamzima. Sasa wako wawili, wamefanana kila kitu, hata mstari wa programu waliofikia. Tofauti ni jibu wanalopewa. Mtoto anaambiwa sifuri. Mzazi anaambiwa namba ya mtoto. Kuanzia hapo namba hiyo ndiyo kamba pekee aliyonayo mzazi.

Mambo ya kuchekesha yalitokea. Amri ya kuhama kutoka saraka moja kwenda nyingine iliacha kufanya kazi ghafla. Walitafuta sana kabla ya kuelewa: sheli sasa ilikuwa inamzaa mtoto, mtoto anahama saraka vizuri kabisa, kisha anakufa, na mzazi bado amekaa pale pale alipokuwa. Safari ya mtoto haimsogezi mzazi. Hadi leo amri hiyo, cd, sheli huitekeleza yenyewe, haimtumi mtoto.

Lakini sehemu niliyoisoma mara tatu ni nyingine. Sheli ikishamzaa mtoto wa kufanya kazi, lazima ijue amemaliza lini, ndipo ikuulize amri nyingine. Leo kuna wito unaoitwa wait, subiri. Mwanzoni haukuwepo. Kilichokuwepo ni njia mbili za michakato kupeana habari: smes ya kutuma ujumbe na rmes ya kupokea. Na smes ilikuwa na tabia moja: ukimtumia mtu ujumbe, wewe unasimama pale pale hadi aupokee.

Basi sheli ilifanya ujanja. Ilimzaa mtoto, kisha ikamtumia ujumbe ikijua kwamba mtoto hatausoma. Mtoto yuko kazini, hana habari na ujumbe. Sheli imesimama, inasubiri upokelewe. Mtoto anafanya kazi yake, anamaliza, anakufa. Hapo ujumbe unarudi na kosa: unayemtumia hayupo. Na kosa hilo ndilo jibu sheli iliyokuwa ikilisubiri.

*

Bibi yangu anaishi upande wa pili wa barabara, kwenye mikorosho. Mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, aliondoka mwaka ambao mimi nilikuwa kidato cha pili. Alikuwa kibarua wa makontena Changamwe, kisha akasema amepata kazi Nairobi, kisha akasema si Nairobi tena, ni mbele zaidi. Simu zikapungua. Halafu zikaisha.

Walimtafuta. Mama yangu alikwenda hospitali na mochari, Mombasa na Nairobi, akasoma vitabu, akaangalia nyuso ambazo hajatusimulia. Polisi walichukua maelezo. Bibi alikuwa na njia yake. Kila Ijumaa jioni alimpigia. Simu ikisema mteja hapatikani, anakata, anaweka simu kwenye kanga, anaingia jikoni. Mara nyingine alinipa nimwandikie ujumbe: Mwanangu, mvua imenyesha, mahindi yameota, njoo. Nikautuma. Haukurudi na kosa. Mitandao yetu haikuambii kwamba mtu hayupo. Inakuambia hapatikani, na hilo ni neno jingine kabisa.

Baada ya kama miaka mitatu, Ijumaa moja, simu ikaita. Bibi akasimama. Ikapokewa. Sauti ya msichana. Alikuwa Eldoret, ndio kwanza amenunua laini.

Namba za simu hurudishwa sokoni zikikaa sana bila kutumika. Namba za michakato pia. Kerneli ina namba zenye kikomo, kwa miaka mingi kikomo cha kawaida cha Linux kilikuwa 32,768, zikifika mwisho inaanza tena chini na kugawa zilizo wazi. Ukihifadhi namba ya mtoto wa zamani ukaja kuipelekea ishara bila kuhakikisha, unaweza ukawa unampiga mtu asiyekujua. Na hapa ndipo nilipoanza kuiona ile herufi Z kwa jicho jingine. Maana mtoto aliyekufa na hajaulizwa, namba yake haipewi mtu. Kerneli inaiweka.

Wito wa wait ulichukua nafasi ya ule ujanja wa ujumbe, na Unix ilipoandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, wait ilikuwa pale. Kanuni yake ni fupi. Mtoto akifa, kerneli inachukua kila alichokuwa nacho: kumbukumbu, faili alizofungua, vyote. Inabakiza mstari mmoja kwenye jedwali la michakato. Namba yake, muda aliotumia kazini, na jibu aliloacha wakati wa kuondoka, namba kati ya 0 na 255. Sifuri maana yake alimaliza salama. Mstari huo unabaki hadi mzazi aite wait. Mzazi akiita, anapewa jibu, na hapo ndipo mstari unafutwa. Kwenye kodi ya Unix toleo la sita, ya mwaka 1975, hali hii imeshapewa jina: SZOMB. Zombi.

Jina lenyewe silipendi. Watanzania wana msukule, aliyechukuliwa kichawi akalimishwe mashamba ya watu usiku, na ukimwambia mtu wa Tanga kuhusu mchakato zombi atafikiri huo. Msukule anafanya kazi. Huyu wa Unix hafanyi chochote. Haombi chakula, hatembei. Ni jina kitabuni tu. Yule mzee wa benchi la mahamri angewapa neno zuri zaidi lakini hakuna aliyemuuliza.

Kwa nini wasimfute tu? Nilijiuliza hivyo nikiwa na hasira, saa nane usiku, na zombi elfu nne mbele yangu. Jibu ni kwamba mfumo haujui kama mzazi atakuja kuuliza. Labda yuko njiani. Labda ana kazi nyingine. Akija akute namba haipo, au mbaya zaidi, akute namba amepewa mtoto wa mtu mwingine, hatajua kamwe wake alimaliza vipi. Kwa hiyo kifo, kwenye Unix, kina sehemu mbili, na sehemu ya pili hawezi kuifanya marehemu wala kerneli. Ni ya anayeuliza. Mimi programu yangu ilizaa watoto 3,816 na haikuuliza hata mmoja.

Kerneli hata humpigia mzazi simu. Mtoto akifa, mzazi hupelekewa ishara inayoitwa SIGCHLD. Asipokuwa amejiandaa, ishara hiyo humpita tu kama upepo. Kuna njia nyingine: unaweza kuiambia kerneli mapema, kwa tamko rasmi, kwamba hutaki habari za watoto wako. Hapo itawazika yenyewe, bila kitabu. Unix ya AT&T iliruhusu hivyo, ile ya Berkeley haikuruhusu, na ubishi ulikaa miaka hadi sanifu ya POSIX ya 2001 ilipoukubali. Ni mstari mmoja wa kodi, ungenitosha kabisa. Niliuandika, nikauangalia, nikaufuta. Sina sababu ya kitaalamu ya kukupa.

Na mzazi akifa kwanza? Mtoto anakuwa yatima, na hilo ndilo neno lao kweli. Yatima huchukuliwa na mchakato namba 1, init, ule wa kwanza kabisa kuamka mashine inapowashwa. Kazi ya init ni nyingi lakini hii haikosi: kukaa, kuita wait, na kuwafutia mistari watoto wasio wake. Tangu Linux 3.4 ya mwaka 2012, mchakato mwingine wa ukoo pia unaweza kujitolea kuwalea mayatima wa chini yake kabla hawajafika kwa init, kama wajomba wanavyofanya. Usiku ule ndivyo nilivyomaliza. Nikaizima programu yangu, mama yao. Wote wakawa yatima, init ikawapitia, na jedwali likawa tupu kabla sijainua kidole kwenye kibodi. Mbele ya nyumba yangu kaunti hufanya kazi hiyo hiyo kwa jembe na polepole zaidi.

*

Niruke kidogo kwenye mabomba, maana huwezi kusimulia watoto wa Unix bila mabomba. Doug McIlroy, mkubwa wao pale Bell, aliandika mwaka 1964 kwamba programu zinafaa kuunganishwa kama mipira ya kumwagilia bustani, unaongeza kipande unapotaka kuyachuja maji kwa namna nyingine. Aliwasumbua nalo miaka mingi. Mwaka 1973 Thompson alikaa usiku mmoja akaliweka. Bomba lina ncha mbili. Mzazi hulifungua kabla ya fork, kwa hiyo mtoto huzaliwa ameshika ncha zote mbili naye pia, na kila mmoja hufunga ile asiyoihitaji. Lina ujazo wake, likijaa anayemimina husimama hadi anayekunywa apunguze. Na anayekunywa akiondoka, anayemimina hupigwa ishara na kuanguka: bomba limevunjika. Mtu wa Mwakirunge haelezwi bomba lenye ncha kavu. Tunanunua maji kwa mtungi.

Jambo jingine, kwa anayetaka kuandika programu kama yangu: usiandike kama yangu. Nilikuwa nimeweka Kannel kwenye ile mashine, lango la ujumbe mfupi lililoanza mwaka 1999 kwa kampuni ya Kifini iitwayo Wapit, limeandikwa kwa C na ni la bure. Watu wengi wa huduma za ujumbe Afrika wamelitumia, na RapidSMS ya UNICEF, mfumo uliobeba U-Report ya Uganda tangu 2011, uliweza kuunganishwa nalo. Kannel imegawanywa masanduku mawili matatu: moja linaongea na mtandao wa simu, jingine linaongea na programu zako, yanapelekeana habari, na moja likianguka jingine halifi nalo. Wale jamaa hawazai mtoto kwa kila ujumbe. Wana wafanyakazi wachache wanaokaa kwenye foleni. Mimi nilikuwa nimeliweka lango la watu wenye akili, kisha nikasimamisha mbele yake kundi la watoto 212 wa kubisha hodi.

Nikarekebisha. Sasa programu inazaa watoto wanane tu, hawaongezeki, wanapokea majina kupitia bomba. SIGCHLD ikija kuna kitanzi kinachoita waitpid hadi asibaki wa kuulizwa, kwa sababu ishara zinaweza kugongana, vifo vitatu vikaja kwa simu moja. Kila jibu linaandikwa kwenye faili: jina, namba, sifuri au si sifuri. Asiyepata ujumbe anatumiwa tena. Katibu analisoma faili hilo kila Jumapili kwa miwani yake, ingawa sikumwomba. Lile deni la jeneza nililipa nusu. Nusu nyingine wanachama walichanga bila kuniambia.

Dennis Ritchie aliishi peke yake. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, ameshafariki, akiwa na miaka 70. Steve Jobs alikuwa amefariki wiki moja tu kabla, dunia nzima bado inalia, kwa hiyo habari ya Ritchie ilipita pembeni. Nilipoijua nilikuwa nimeshasoma maandishi yake kuhusu zile siku za PDP-7, anavyoandika bila majivuno, na nikakaa kidogo kabla ya kuendelea.

*

Sheria ya Kenya ya ushahidi ina kifungu, 118A, kinachosema mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao kwa kawaida wangesikia habari zake, huchukuliwa kwamba amefariki. Mjomba anatimiza miaka saba mwakani. Mama ameshaongea na wakili, kwa sababu kuna kipande cha shamba chenye jina lake na shangazi yangu mmoja anataka kukiuza. Karatasi zikitoka, jina litafutwa. Ni lazima mtu wa karibu aape na kutia sahihi. Mama anataka awe bibi.

Nilipelekwa mimi kumweleza, manake mimi ndiye mume. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamweleza miaka saba, wakili, shamba. Nikamweleza na ile habari ya kitabu, kwamba mtu hukaa kwenye mstari wake hadi aulizwe. Nilidhani itamsaidia. Alisikiliza yote.

Kwetu Wagiriama aliyekufa huwekewa koma, mti mfupi unaosimamishwa ardhini, apumzike hapo, apewe tembo na chakula. Koma haiwekwi kwa sababu mtu kasema. Marehemu mwenyewe huja ndotoni, analalamika baridi, anataka nyumba. Babu alikuja mwezi wa tatu baada ya kuzikwa, bibi husimulia, akiwa na kofia yake ile ile.

"Huyu bado hajaja," alisema. "Kila usiku nalala. Hajaja."

"Na karatasi, bibi?"

"Waambie wasubiri."

Akaendelea kupepeta. Halafu akaniuliza kama nina salio. Ilikuwa Ijumaa. Nikampigia ile namba, nikaweka spika. Yule msichana wa Eldoret alipokea mlio wa pili tu, akasema shikamoo bibi, akauliza mvua ya pwani imekuwaje.